FILDI BENKI: MILIONI MOJA ILIYEYUKA, ULIMI WANGU UKAGANDA

Ukitaka kumjua mwanachuo wa mambo ya fedha anayekwenda fildi kwa mara ya kwanza, mtazame shingoni. Atakuwa amefunga tai ya kuazima, tena fundo lake limekaa upande kama kofia ya mlevi. Mimi yangu niliazima kwa jirani yetu pale Mbagala, ambaye huifunga mara mbili tu kwa mwaka, kwenye harusi na kwenye mkutano wa mtaa. Aliponikabidhi aliniambia, "Mwanangu, ukirudi na hela za benki usinisahau." Nikacheka. Nilikuwa sijui kwamba wiki sita baadaye hela za benki zingenikosesha usingizi.

Ilikuwa Julai 2023. Tumemaliza mtihani wa mwaka wa pili, na kwa utaratibu wa chuo kila mwanafunzi alitakiwa akafanye mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane. Wenzangu walisambaa: wengine halmashauri, wengine kwenye ofisi za wakaguzi wa mahesabu, wengine kwenye saccos za mikoani kwao. Mimi nikaula. Nilipata tawi la benki moja katikati ya jiji, hatua chache kutoka Posta. Jina la benki naomba nilihifadhi, maana ninayotaka kusimulia ni yangu, si yao.

Kijiweni kwetu habari ilienea kama moto wa nyasi. Washikaji wakaanza kuniita "Gavana". Mmoja akaomba kabisa nikimaliza fildi nimfanyie mpango wa mkopo wa bodaboda. Mimi nikajiona nimeshafika. Kichwani nilikuwa na picha ya kiti cha kuzunguka, kiyoyozi kinapuliza, mbele yangu kompyuta mbili na wateja wananiita bosi.

Kumbe bwana!

KAZI YA KWANZA: KUTOA PINI

Siku ya kwanza niliamka saa kumi na moja alfajiri. Anayeijua Mbagala ya asubuhi anajua kwamba kupanda daladala ni mchezo wa mieleka. Nilipanda kwa mlango, tai ikabaki kwa konda. Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni pa benki, shati limejikunja kama karatasi ya maandazi.

Kazi niliyopewa? Kutoa pini kwenye mafomu ya zamani ili yapigwe kopi. Wiki nzima! Nikimaliza pini, napeleka barua ghorofani. Nikirudi, naambiwa, "Mdogo wangu, hebu katuletee chapati mbili na supu hapo kwa mama." Kwenye logibuku, ile ambayo supavaiza wa chuo huja kuikagua, nikaandika kwa Kiingereza kizito kwamba nimejifunza utunzaji wa kumbukumbu. Si uongo, lakini si ukweli wote.

Wiki ya pili nikasogezwa dawati la kufungulia akaunti. Hapo ndipo nilipoanza kuona benki ni kitu gani. Kwanza kabisa ni mahali pa kumjua mtu. Mteja anakuja na kitambulisho cha NIDA, unamuuliza anafanya kazi gani, anaishi wapi, hela yake inatoka wapi. Wengi walikuwa wanakasirika. Mama mmoja aliniuliza, "Nyie mnafungua akaunti au mnaposa?" Lakini sheria ndiyo inavyotaka, kwa sababu benki isiyomjua mteja wake inaweza kuwa kichaka cha hela za wizi.

HESABU ILIYONITOA JASHO

Wiki ya tatu nikapelekwa kwa ofisa mikopo, kaka mmoja mpole, mwenye sauti ya imamu. Huyu ndiye aliyenifungua macho. Siku moja akanichorea hesabu nyuma ya bahasha, na bahasha hiyo ninayo mpaka leo.

"Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000," akaniambia, "miezi 12, riba asilimia 20 kwa mwaka. Mteja atalipa riba kiasi gani?"

Nikajibu haraka kama mwanafunzi wa mbele. "240,000!"

"Wapi? Inategemea." Akanieleza kwamba kuna riba inayopigwa kwenye mkopo wote mwanzo mpaka mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Hiyo ndiyo inafika 240,000. Na kuna riba inayopigwa kwenye deni lililobaki tu. Ukilipa laki moja ya mkopo kila mwezi, mwezi wa pili riba inahesabiwa kwenye 1,100,000, wa tatu kwenye 1,000,000, inashuka hivyo hivyo mpaka mwisho. Tukapiga hesabu pamoja. Riba yote ikaja 130,000.

Msomaji, umeiona hiyo? Mkopo ni ule ule, asilimia ni ile ile, muda ni ule ule. Tofauti ni 110,000! Na mtu wa kawaida anachouliza ni "asilimia ngapi?" tu, halafu anasaini.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikamkuta shangazi, ambaye ndiye ananilea hapa mjini, amekaa barazani na daftari lake. Shangazi anauza samaki wa kukaanga. Nikamwuliza marejesho yake yakoje. Akanitazama pembeni, kisha akasema alichukua 200,000 kwa vijana wa mtaani, wale wa kausha damu, anarudisha 10,000 kila siku kwa siku 28.

Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Laki mbili na elfu themanini. Riba ya asilimia 40 kwa wiki nne! Siku asipouza, vijana wanakuja kukaa mlangoni, na waliwahi kubeba jiko la jirani yake. Shangazi akanifunga mdomo kwa sentensi moja: "Baba, benki wanataka hati ya nyumba. Hawa wanataka sura tu."

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikamuuliza kaka wa mikopo. Akaniambia Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, na tangu hapo anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni. Vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa navyo vimepewa nafasi yao kwenye sheria hiyo. Akanishauri, "Mwambie mama aulize leseni kwanza, halafu aulize riba inapigwa kwenye mkopo wote au kwenye deni lililobaki. Akijibiwa kwa hasira, aondoke."

Nikaanza kuipenda kazi. Nikasahau pini na chapati.

IJUMAA YA MISHAHARA

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Wiki ya sita nilikuwa upande wa kaunta. Si kwamba nilikuwa keshia, la hasha. Mwanafunzi wa fildi haruhusiwi kugusa fedha. Anakaa nyuma, anatazama, anaandika. Niliambiwa hivyo siku ya kwanza, na nilisaini karatasi.

Nilikuwa nakaa nyuma ya dada mmoja, keshia wa miaka mingi, mwepesi wa mkono na wa maneno. Alinifundisha mambo ambayo chuoni tuliyasoma kwenye karatasi tu. Asubuhi volti haifunguliwi na mtu mmoja. Funguo ni mbili, kila moja na mwenyewe, na lazima wote wawili wawepo. Keshia anapewa fedha za kuanzia siku, anahesabu, anasaini. Jioni anafunga mahesabu: alizoanza nazo, jumlisha alizopokea, toa alizolipa. Kinachobaki lazima kilingane na kompyuta mpaka senti. Zikizidi ni ziada, unaandika maelezo. Zikipungua ni shoti. Na shoti, mpenzi msomaji, ni mzigo wa keshia mwenyewe.

Ijumaa ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi wa Agosti. Mishahara imeingia, foleni imefika mlangoni, mashine ya tiketi inalia kama kinanda. Saa tano hivi akaja mzee mmoja, mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, mteja wa siku zote. Anataka 9,500,000. Dada akapiga kompyuta, akachukua saini ya mkubwa wake, maana kiasi kilikuwa kikubwa. Wakati huo huo simu ya mezani ikalia na mteja wa pembeni akaanza kugomba.

Dada akageuka. "Mdogo wangu, nipangie hapo maburungutu tisa ya wekundu."

Wekundu wa Msimbazi, noti za elfu kumi. Burungutu moja lina noti 100, yaani milioni moja. Nilijua siruhusiwi. Lakini nani atamwambia dada yake hapana kwenye foleni ile? Na nisiseme uongo, nilisikia raha. Nikayapanga kwa mafungu, kama nilivyomuona akifanya. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Fungu la pili hivyo hivyo. Nikamsogezea. Yeye akahesabu zile noti 50 za juu, akapiga jicho kwenye mafungu, akasukuma kila kitu dirishani. Mzee akaingiza kwenye begi, akatuaga, akaenda zake.

Hesabu umeshaipiga wewe msomaji. Mafungu mawili ya tano tano ni mangapi?

SAA TATU USIKU

Tulifunga mlango saa kumi jioni. Saa kumi na moja dada alikuwa ameshahesabu droo yake mara mbili. Kompyuta inasema 18,350,000. Mkononi ana 17,350,000.

Akahesabu mara ya tatu. Akapitia slipu moja moja. Akainama chini ya kaunta, akafungua kapu la taka. Mkuu wa makeshia akaja, naye akahesabu. Saa mbili usiku meneja wa tawi akashuka, koti ameliacha juu, mikono ya shati ameikunja.

Nilikuwa nimesimama pembeni ya mashine ya kuhesabia. Yale mafungu mawili nilikuwa nayaona waziwazi, yamesimama sawa kama mapacha. Nilishajua. Tangu saa kumi na moja nilishajua.

Meneja akauliza, "Mbali na wewe, nani mwingine aligusa hela leo?"

Dada hakugeuka nyuma. "Mimi peke yangu, bosi."

Mimi? Kimya. Ulimi umeganda. Nikatazama viatu vyangu.

Tuliondoka saa tatu. Nje alisimama kusubiri gari ya Gongo la Mboto, pochi ameikumbatia. Nikamsogelea nikitaka kusema, nikaishia kusema, "Pole, dada." Akanijibu, "Kazi ndiyo hizi, mdogo wangu. Nenda nyumbani, shangazi yako atahangaika." Alikuwa na watoto wawili, mkubwa anaingia kidato cha kwanza mwezi wa kwanza. Nilijua kwa sababu alishanionyesha orodha ya vifaa vya shule. Milioni moja kukatwa kwenye mshahara wake, hiyo orodha ingekwenda na maji.

Nyumbani sikula. Shangazi akaniuliza kulikoni. Nikamwambia yote, nikitegemea aniambie nyamaza mwanangu, usije ukafukuzwa chuo. Shangazi huyu anayekimbizana na kausha damu akaweka mwiko chini, akasema, "Mimi hao vijana wananikausha damu, lakini nilijua nikisaini. Huyo dada hajasaini kukausha damu kwa ajili yako."

Kidole changu kikaanza kuwasha tai.

NIKAENDA KWA MENEJA

Jumamosi benki yetu hufungua nusu siku. Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa meneja kabla hata ya mfanya usafi kumaliza. Nikamwambia, "Shikamoo bosi. Hela zile nilipanga mimi. Mteja wa vitenge, saa tano. Nilipanga kumi badala ya tisa."

Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Akawasha picha za kamera, na kwa sababu sasa alijua dirisha lipi na saa ngapi, haikuchukua hata dakika kumi. Siku ile kaunta ile ilikuwa imehudumia watu zaidi ya mia moja, na wangekaa kuwapitia mmoja mmoja mpaka macho yaingie maji. Nikajiona kwenye kioo: kijana wa tai ya kuazima, anapanga mafungu mawili kwa madaha.

Meneja akasimamisha picha. Akaniambia maneno haya, na mpaka leo yananichoma: "Kukosea kuhesabu ni sekunde tano. Ungesema jana, dada yako angelala."

Wakapiga simu kwa yule mzee. Imezimwa. Wakapiga tena mchana. Imezimwa. Jumapili nzima nilikuwa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Milioni moja taslimu mikononi mwa mtu, hakuna ushahidi mwingine ila picha, nani angerudi?

Jumatatu saa mbili na nusu mzee akaingia na kanzu yake nyeupe. Ijumaa ile ile alikuwa amekwenda Bagamoyo msibani, simu ikaisha chaji, begi amelifungia kabatini. Alfajiri ya Jumatatu alipokuwa anatenga hela za mzigo ndipo akaona kumi badala ya tisa. Akaweka burungutu juu ya kaunta, karatasi yake ya kufungia haijachanwa. "Mwanangu," akamwambia dada, "mimi pia nina makosa. Nilipokea hela bila kuhesabu kwa sababu nakuamini."

Dada akalia. Mimi nikaenda chooni, nikalia huko huko.

STOO YA MAFAILI

Usidhani mambo yaliishia kwa shangwe. Dada alipewa barua ya onyo kwa kumpa mwanafunzi fedha. Mimi niliondolewa kaunta, na wiki mbili za mwisho nikapelekwa stoo ya mafaili, chini kabisa, kwenye vumbi na joto. Nikarudi kule kule kwenye pini.

Huko nilimkuta mzee mmoja aliyebakiza miezi michache kustaafu. Huyu alikuwa benki inayotembea. Alinisimulia jinsi mabenki ya watu binafsi yalivyotaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha na kuzaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, na jinsi kwa miaka mingi ukisema "benki" mtu alielewa hiyo. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1991 iliyofungua milango kwa mabenki binafsi, na mwaka 1997 benki ile kubwa ikagawanywa, ikazaliwa na NMB. Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza kuuza hisa mwaka 1998. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia nchini, na watu wakaanza kutembea na benki mfukoni.

"Vyote vimebadilika," akaniambia huku akipuliza vumbi kwenye faili. "Madaftari yamekwenda, kompyuta zimekuja. Lakini funguo za volti bado ni mbili. Unajua kwa nini?"

Nikamwambia ili mtu asiibe.

Akatikisa kichwa. "Hiyo ni moja. Ya pili, ili mtu asibebe kosa peke yake."

Nikakumbuka Ijumaa ile. Dada alikuwa ameushika ufunguo mmoja. Wa pili nilikuwa nao mimi, nimeuficha mdomoni.

KWA WEWE UNAYEJIANDAA KWENDA FILDI

Supavaiza alikuja wiki ya mwisho. Nilishaandika kila kitu kwenye ripoti, pamoja na kosa langu. Akasoma, akanyamaza, akaniuliza kama nina uhakika nataka ibaki hivyo. Nikamwambia ibaki. Maksi zangu hazikuwa za kurusha kofia, lakini nilifaulu. Benki ile haikuniajiri na wala sikuiomba. Dada bado nawasiliana naye, na mwanawe aliingia kidato cha kwanza na begi jipya.

Shangazi alimaliza deni la kausha damu mwezi ule wa tisa. Akajiunga na akina mama wenzake kumi na tano, wanaweka na kukopeshana kila Jumapili. Mwekahazina wao? Ni yeye. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti. Nani aliwafundisha, sitasema.

Nawe mdogo wangu unayeazima tai sasa hivi, nakuachia haya machache. Pini na chapati zisikuudhi, maana anayekutuma supu leo ndiye atakayekufundisha kesho. Ukipata nafasi kaa na watu wa mikopo, na ujue riba inapigwa kwenye nini. Kitu ulichosaini usikiguse, usikiguse, hata kama foleni imefika barabarani. Na siku ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Kosa lililosemwa jioni ni kosa. Likilala, linaamka na jina jingine.

Tai nilimrudishia jirani, nimeifua na kuipiga pasi. Akaniuliza, "Hela za benki ziko wapi?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, ziko benki. Na safari hii zimehesabiwa."